Vidonda vya Tumbo: Jina na Ugonjwa

Mwananchi anapofika zahanati na kuulizwa anaumwa nini, mara nyingi hujibu: "Nina vidonda vya tumbo." Jibu hilo huonekana linatosha. Hata hivyo, sisi tunaoshughulika na istilahi hatuna budi kuliangalia kwa makini zaidi. Mgonjwa ameulizwa anahisi nini, naye ametaja kitu ambacho hajakiona, na ambacho mganga mwenyewe hawezi kukiona bila chombo. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi jina la ugonjwa linavyoweza kutangulia uchunguzi wake, na hasara inayotokana na hali hiyo.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya maradhi ya tumbo. Kiungulia, riahi, msokoto, kichefuchefu, kuvimbiwa, kuhara na kufunga choo ni maneno ya kale yanayotaja kile anachokihisi au kukipata mgonjwa. Sehemu iliyo chini ya kidari, ambapo maumivu mengi ya aina hii huanzia, nayo ina jina lake: chembe cha moyo. Mfasiri asiyelijua jina hilo huweza kudhani kwamba mgonjwa analalamikia moyo.

Maneno yanayotaja chanzo cha ugonjwa yamekuwa na safari ndefu zaidi. Chango ni utumbo mwembamba, tena ni minyoo, tena ni maumivu ya tumbo la uzazi. Safura limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nyongo ya manjano, ambayo katika utabibu wa Wayunani na Waarabu ilihesabiwa kuwa mojawapo ya majimaji manne yanayotawala mwili. Katika Kiswahili neno hilo likaja kuwa jina la ugonjwa wa kupungukiwa damu unaoletwa na minyoo. Elimu ya majimaji manne imeachwa, lakini jina limebaki na kupewa kazi nyingine.

Vidonda vya tumbo ni istilahi ya kundi la tatu. Haitaji hisia wala chanzo, bali hutaja jambo lililoonekana, yaani utando wa ndani umechimbika. Hata hapo haikukamilika. Tumbo katika Kiswahili ni sehemu yote ya mbele iliyo chini ya kifua, ni mfuko wa chakula, na ni mahali pa mimba, ndiyo maana twasema ndugu wa tumbo moja. Kumbe vidonda vingi vya aina hii havimo katika mfuko wa chakula, bali vimo katika sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba.

Wataalamu wa nchi nyingine nao walipata kufungwa na majina. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 waganga walifundishwa kwamba vidonda hivyo huletwa na tindikali na mawazo. Mwaka 1954 mtaalamu wa Marekani, Eddy Palmer, alichunguza vipande vya utando kutoka kwa wagonjwa zaidi ya 1,000, akakata shauri kwamba hakuna bakteria wanaoishi humo. Rangi aliyoitumia haikufaa kuwaonyesha. Baada ya hapo wengi hawakuona haja ya kutafuta tena, na wagonjwa waliendelea kutibiwa kwa dawa za kupunguza tindikali, maziwa, mapumziko na hata upasuaji, huku vidonda vikipona na kurudi.

Mwaka 1979, katika mji wa Perth nchini Australia, mtaalamu wa patholojia Robin Warren aliona bakteria waliopinda katika kipande cha utando. Kuanzia mwaka 1981 alishirikiana na mganga kijana, Barry Marshall. Walijaribu kuwaotesha bakteria hao mara nyingi bila mafanikio, kwani vyombo vilitupwa baada ya siku mbili. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1982 vyombo viliachwa siku nyingi zaidi kwa sababu ya sikukuu, na bakteria wakaota. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao yeye mwenyewe, akaugua, na utando wake ulipochunguzwa ukaonekana umevimba. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Jina la bakteria huyo ni funzo kwa wanaistilahi. Kwanza aliitwa Campylobacter pyloridis, yaani kijiti kilichopinda cha pailorasi, mlango wa kutokea chakula mfukoni, ambao Wayunani waliuita bawabu. Mwaka 1987 neno la pili lilisahihishwa kuwa pylori, kwa sababu sarufi ya Kilatini ilikuwa imekosewa. Mwaka 1989 ilidhihirika kwamba hakuwa wa jamii ile, akaitwa Helicobacter pylori. Wanasayansi hawakuona haya kuliacha jina walilolitoa wenyewe miaka michache tu iliyopita.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee. Anayejiita mgonjwa wa vidonda kwa muda wa miaka kumi, akinunua dawa za kutuliza tindikali dukani, huenda hana kidonda hata kimoja. Huenda ana kiungulia cha kudumu, au mawe katika mfuko wa nyongo, au saratani ambayo ingaliweza kugunduliwa mapema. Huenda kweli ana kidonda, lakini kimeletwa na dawa za maumivu kama aspirini. Vivyo hivyo, kipimo cha choo kikionyesha kwamba bakteria wapo, hakijaonyesha kidonda. Watu wengi sana duniani wanao bakteria hao bila ya kuwa na vidonda. Anayetafsiri matokeo hayo kwa maneno "una vidonda" ametoa hukumu ambayo maabara haikuitoa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, maneno ya hisia yatumiwe katika kueleza dalili, na fomu za zahanati ziyape nafasi: kiungulia, maumivu ya chembe cha moyo, riahi. Pili, vidonda vya tumbo litumiwe pale tu kidonda kilipothibitishwa kwa uchunguzi, na mahali pake patajwe: kidonda cha mfuko wa chakula, au kidonda cha mwanzo wa utumbo mwembamba. Tatu, matokeo ya kipimo cha bakteria yafasiriwe kama yalivyo, bila ya kuongezewa ugonjwa.

Walimu nao wanaweza kusaidia. Mwanafunzi akizoezwa kusema, "Chembe cha moyo huniuma usiku nikiwa na njaa, na maumivu hupungua nikila," atakuwa amempa mganga habari za kumwongoza katika uchunguzi. Akisema tu, "Nina vidonda," huenda uchunguzi ukaishia hapo.