Kanga Huhukumiwa kwa Upande wa Nyuma

Husemwa sana, Kibiti na kwingineko pwani, kwamba kanga za zamani zilidumu kwa sababu pamba yake ilikuwa nzuri. Si uongo mtupu, lakini hoja hiyo inaruka hatua ya kupiga chapa. Bonde la Rufiji na majirani zake halikukosa pamba: vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 Nandete, katika vilima vya Matumbi kusini ya mto huo, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima. Kilichokosekana ni viwanda vya kutia maua na rangi. Anayetaka kujua kwa nini doti moja inayouzwa hapa Mchukwi, Kibiti, huchuja ikifuliwa mara ya pili na nyingine hurithiwa, aanze na jinsi rangi ilivyowekwa.

Kanga ilizuka Unguja na Mombasa katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, na baadhi ya zile za mwanzo ziligongwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa maua. Kibao hakina usahihi. Maungio huonekana, na rangi ya pili huipanda ya kwanza. Lakini hubeba rangi nyingi, na mkono ukikikandamiza, rangi huzama. Silinda za shaba, ambazo Thomas Bell alizipatia hataza Uingereza mwaka 1783, zilileta kasi na mistari myembamba mno. Zilikuja pia na mpaka wake: silinda ikimaliza mzunguko, ua hujirudia, na mzunguko huo kwa kawaida haufiki nusu mita. Kanga ina urefu wa kama mita moja na nusu, pindo pande zote nne, mji katikati na jina, yaani maneno yake, mahali pamoja tu. Hata silinda za skrini zilizoletwa na Stork ya Uholanzi mwaka 1963 zilikuwa na mzunguko wa kawaida wa sentimita 64. Skrini bapa, yaani fremu yenye wavu ambao rangi husukumwa kupitia kwake, inaweza kutengenezwa kwa ukubwa wa kanga nzima, kila rangi na fremu yake. Fremu ikisogea milimita mbili, ua jembamba huharibika lakini ua nene hustahimili. Kwa hiyo wanaoiona kanga ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe tu, kuwa sanaa duni, naona wanaikosea: ni mchoro unaoijua mashine yake.

Usahihi wa mistari, hata hivyo, si uimara. Mwaka 1956 kampuni ya ICI ya Uingereza ilitoa rangi zinazoungana kikemikali na nyuzi za pamba. Zikifungwa vizuri kwa mvuke na masalia yakaoshwa kiwandani, sabuni haizing'oi kirahisi. Njia ya rangi za unga huziacha juu ya kitambaa zikishikwa na gundi. Ni rahisi, haidai maji mengi ya kuosha, na siku ya kununuliwa huweza kuwaka vizuri, ila huchubuka penye mikunjo na msuguano. Viwanda vya hapa, Urafiki ya Dar es Salaam iliyofunguliwa 1968 ikiwemo, navyo visipimwe kwa jina la nchi bali kwa hatua hizi: mvuke wa kutosha, kuosha kwa kutosha. Hatua zinazorukwa kwanza gharama zikipanda ni hizo hizo zisizoonekana dukani.

Atakayepinga atataja poliesta. Rangi yake, iliyochapwa kwanza kwenye karatasi, hugeuzwa mvuke kwa joto la karibu nyuzi 200 na kuingia ndani ya nyuzi. Haichuji, na bei yake ni ya chini. Ni kweli, na kwa pazia ningeichagua bila kusita. Lakini kanga ya Mchukwi hufuta jasho, hubeba mtoto na kukausha mwili, na poliesta hainywi maji. Isitoshe, picha inayohamishwa kutoka karatasi hubaki upande mmoja, ilhali mvaaji huikunja na kuigeuza, na upande wa nyuma ukiwa mweupe huonekana barabarani. Mashine za kompyuta zinazorusha matone ya wino zimeondoa kabisa tatizo la mzunguko. Zinaweza kuchapa kanga moja tu, yenye jina la bibi harusi mmoja. Bado matone hayo ni madogo na mara nyingi hayafiki nyuma, jambo ambalo kibao cha mbao kililiweza.