Tsavo machoni mwa wageni: Waliyoyasimulia, waliyoyapita, na sisi tulio jirani

Ukipanda treni ya asubuhi kutoka Miritini kwenda bara, ukishaipita Mariakani utaona abiria wanaanza kuinuka vitini. Simu zinaelekezwa dirishani, watoto wanapakatwa waone vizuri. Ni ndovu, wekundu kama tofali, wamesimama mbali kidogo na reli. Mgeni aliyetoka Ulaya juzi atapiga picha na usiku huohuo dunia nzima itaisoma habari yake. Mtu wa Mombasa ataangalia, aseme "mashallah", kisha arudi kwenye gumzo lake.

Mimi siwezi kumcheka. Nimezaliwa na kukulia Pwani, na nilipoingia Tsavo kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshapita miaka thelathini. Kabla ya hapo yote niliyoyajua kuhusu mbuga ile niliyapata kwa wageni. Makala haya yanakusanya yale ambayo wageni wamekuwa wakisimulia tangu zamani, ili tuyapime na tuone sisi tumesimama wapi.

Mbuga yenyewe

Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1948, kisha ikagawanywa kwa urahisi wa usimamizi: Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, barabara na reli ya Mombasa kwenda Nairobi zikipita kati. Zikijumlishwa, zinazidi kilomita mraba 20,000. Kisiwa cha Jamaica hakifikii ukubwa huo. Sehemu kubwa iko Taita Taveta, mojawapo ya kaunti sita za Pwani, kwa hiyo anayesema Tsavo ni mambo ya bara amekosea ramani.

Upande wa Mashariki ni tambarare na mkavu, una mto Galana, maporomoko ya Lugard na uwanda mrefu wa Yatta, uliotokana na mawe ya volkano yaliyoyeyuka. Upande wa Magharibi una vilima, mawe meusi ya Shetani, na chemchemi za Mzima. Wekundu wa ndovu si rangi ya ngozi zao. Ni vumbi na tope la ardhi ile yenye madini ya chuma, ambalo hujipaka kujikinga na jua na wadudu.

Wageni wa zamani

Neno "safari" ni letu, na njia pia zilikuwa za wazee wetu. Misafara ya Waswahili ilipita nyika hiyo kwenda Taita, Taveta na Uchagani kutafuta pembe muda mrefu kabla ya mbuga kuwepo. Mwaka 1848 mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann alitoka Rabai kuelekea Uchagani. Aliyemwongoza alikuwa Bwana Kheri, Mswahili aliyezoea njia hizo.

Mwezi Mei tarehe 11 Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Alipomuuliza kiongozi wake, aliambiwa kwamba weupe ule hakuujua ni nini, ila alidhani ni baridi. Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Habari ilipofika London, mabingwa wa jiografia waliokaa vitini walimkejeli kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Leo kila kitabu kinamtaja Rebmann kuwa Mzungu wa kwanza kuripoti theluji ya Kilimanjaro. Bwana Kheri anatajwa na wachache sana.

Simba na hesabu ya waliokufa

Mgeni aliyeipa Tsavo jina duniani ni John Henry Patterson, aliyekuja mwaka 1898 kusimamia ujenzi wa daraja la reli juu ya mto Tsavo. Simba wawili madume walikuwa wakivamia kambi usiku na kuwaburura wafanyakazi. Wengi walikimbia na kazi ikasimama. Patterson aliwaua simba hao mwezi Desemba mwaka huo, na mwaka 1907 akachapisha kitabu chake. Ngozi zao aliziuza kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, na hadi leo wamewekwa huko.

Katika kitabu hicho Patterson alitaja Wahindi 28 waliouawa, pamoja na Waafrika ambao idadi yao haikuandikwa. Baadaye alitaja jumla ya watu 135. Mwaka 2009 watafiti walichunguza mifupa na nywele za simba wale, wakakadiria kuwa walikula watu kama 35. Wanasayansi wanaweza kuendelea kubishana. Kwangu jambo zito ni kwamba kuna watu walioliwa na simba wakijenga reli na hakuna aliyeona haja ya kuwahesabu.

Filamu ya mwaka 1996 kuhusu kisa hicho ilipigwa Afrika Kusini, ikatumia simba wenye manyoya mengi shingoni. Simba wale halisi hawakuwa na manyoya hayo, na madume wengi wa Tsavo hadi leo wana manyoya machache au hawana kabisa. Mgeni aliyetazama filamu akifika huwauliza madereva, "Mbona mnatuonyesha majike tu?" Dereva inabidi aanze somo.

Wageni wa leo wanasema nini

Wengi hutoka hoteli za Diani, Mombasa, Watamu na Malindi kwa safari ya siku moja au mbili. Ukiwasikiliza utasikia mambo yanayojirudia. Husifu ndovu wekundu, upana wa anga, na kwamba unaweza kuendesha saa nzima usikutane na gari jingine, tofauti na Maasai Mara ambako magari huweza kumzunguka duma mmoja. Hulalamikia joto, vumbi, urefu wa safari, na kwamba vichaka ni vinene na wanyama wako mbali.

Maneno hayo ni ya kweli, lakini yapime kwa mambo mawili. Kwanza, msimu. Wakati wa ukavu, hasa Juni hadi Oktoba na tena Januari na Februari, wanyama hukusanyika penye maji na huonekana kwa urahisi. Mvua za masika au vuli zikinyesha, majani hurefuka, maji huwa kila mahali na wanyama hutawanyika. Pili, muda. Aliyeondoka hotelini alfajiri akaingia mbugani jua likiwa kali, kisha akatoka jioni, ameikuta Tsavo saa ambayo wanyama wamelala. Anayelala usiku mmoja huwapata asubuhi na magharibi, wakati wanapotembea.

Yasiyoonekana kwenye picha

Mgeni huandika kwamba ameona pori tupu lisiloguswa. Halikuwa tupu. Wawaata, wawindaji waliosifika kwa pinde zao nzito na mishale ya sumu, waliishi humo. Mbuga ilipoanzishwa uwindaji wao ukawa uhalifu, na katika kampeni ya miaka ya 1950 wengi walikamatwa na kufungwa. Ujangili mkubwa wa bunduki wa miaka ya 1970 na 1980, uliowamaliza ndovu kwa maelfu, ulikuja baada ya wao kuondolewa.

Mgeni pia haoni shamba. Ndovu anayependeza penye maji ya Voi anaweza usiku kuvunja ua na kumaliza mahindi ya msimu mzima Taita, au minazi na migomba kule Kwale. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Ila muulize mkulima aliyewasilisha fomu zake imemchukua muda gani kujibiwa.

Hata wanyama wana shida zao. Katika ukame wa mwaka 2022 serikali iliripoti vifo vya ndovu 205 nchini kati ya Februari na Oktoba, na Tsavo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi.

Na kuna maji. Chemchemi za Mzima, ambako wageni hushuka chumba cha vioo kutazama samaki na viboko, hupata maji yanayochujwa chini ya milima ya Chyulu. Sehemu ya maji hayo husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Vilima vile vikikatwa miti, ni mifereji yetu itakayokauka kwanza.

Kwa jirani anayetaka kwenda

Kutoka Mombasa, lango la Buchuma ni kama kilomita 100. Voi ni kama 160, na treni inayosimama vituo vya njiani hukufikisha. Aliye Malindi ana lango la Sala, upande wa Galana. Raia hulipa kiingilio cha chini sana kuliko mgeni wa nje, hivyo chukua kitambulisho na uulize bei Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kabla ya kuondoka, kwani hubadilika. Gharama kubwa ni gari, na watu sita au saba wakichanga hupungua.

Kama Tsavo ni mbali, anzia Shimba Hills, Kwale. Huko ndiko pekee nchini unakoweza kumwona palahala porini. Jirani yake ni Mwaluganje, ambako wenyeji walitoa ardhi yao katika miaka ya 1990 iwe njia ya ndovu na wao wapate mgawo wa mapato ya wageni. Nenda ukawaulize wenyewe mgawo huo umewafaa kiasi gani.

Na ukirudi, simulia. Mwandikie binamu yako aliye Muscat au Toronto, waeleze watoto wa madrasa, andika hapa. Vijana wetu ndio wanaowaendesha wageni Tsavo na kuwatajia majina ya wanyama, kama Bwana Kheri alivyofanya. Itakuwa aibu miaka mia ijayo wajukuu zetu wakitaka kujua nyika yao ilikuwaje, wakute daftari za wageni peke yake.