Jiwe la Ruskin, Mwanzi wa Wen Tong

Anayeanza kujifunza kuchora hudhani tatizo lake ni mkono. Mwambie achore jani la mwembe lililo mezani, naye atachora jani alilolizoea tangu darasa la kwanza: ncha mbili, mstari katikati, vimistari pembeni. Jani lenyewe limejikunja, limetobolewa na mdudu, na nusu yake imo kivulini. Hayo yote hayaonekani kwenye karatasi. Mkono wake haukukosea. Umetoa kilichokuwa kichwani, kwa sababu macho hayakuulizwa. Mapokeo mawili yaliyokua mbalimbali, ya Uingereza ya karne ya 19 na ya China ya enzi ya Song, yaliugundua ugonjwa huu, na yote mawili yakautibu kwa kitu kidogo cha asili. Dawa zenyewe, hata hivyo, hazifanani.

John Ruskin alianza kufundisha uchoraji mwaka 1854 katika Working Men's College, London, chuo cha mafundi na wafanyakazi waliokuja baada ya kazi. Mwaka 1857 akatoa kitabu cha wanaoanza, The Elements of Drawing. Zoezi lake la kwanza halina kitu cha kuchora: mwanafunzi anajaza mraba kwa vimistari vya kalamu ya wino hadi kivuli kiwe sawasawa kila upande. Baadaye linakuja jiwe. Liwe la mviringo, lisiwe jeupe sana wala jeusi sana, liwekwe mezani karibu na dirisha, nuru ikitokea kushoto. Ruskin alishikilia kwamba anayeweza kulichora jiwe hilo sawasawa anaweza kuchora chochote kinachochoreka.

Ukilitazama jiwe kama alivyotaka, unagundua kwamba hakuna mstari unaolizunguka. Kuna weupe unaofifia taratibu kuwa kijivu, na kijivu kinachoingia gizani. Chini kabisa, karibu na meza, giza lenyewe linapungua kidogo, kwa sababu meza inarudisha nuru. Mahali fulani ukingo wa jiwe na kivuli chake vina weusi uleule, na hapo ukingo unapotea. Katika somo la rangi alimpa mwanafunzi kipande cha karatasi ngumu chenye tundu dogo la kuchungulia, ili aone rangi peke yake bila kujua ni ya kitu gani. Ndivyo mtu anavyogundua kwamba majani ya kijani, jua likiyapiga, yanaweza kuwa manjano.

Upande wa China ya Song, Wen Tong, aliyefariki mwaka 1079, alikuwa ofisa wa serikali na mchoraji wa mianzi kwa wino mtupu. Mwaka huohuo jamaa na rafiki yake, mshairi Su Shi, aliandika kumhusu fundisho linalotajwa mpaka leo: kabla ya kushika brashi, mwanzi uwe umekwisha kukamilika kifuani mwa mchoraji. Kutazama kwa miaka kunatangulia, kisha mkono unakimbia. Na lazima ukimbie, maana wino ukishaingia kwenye hariri au karatasi hakuna kufuta. Kila pingili ni mvuto mmoja wa brashi: inabonyezwa, inapandishwa, inabonyezwa tena, na panaachwa upenyo mweupe wa fundo. Jani linatokana na brashi inayobonyezwa kisha kuinuliwa huku ikienda, hadi ncha ijimalizie yenyewe. Wino mzito ni wa majani ya mbele, mwepesi ni wa yaliyo nyuma.

Basi swali linalotenganisha shule hizi mbili ni hili: kitu kiko wapi wakati wa kuchora? Kwa Ruskin kiko mbele ya macho, na kila alama inarudishwa kwake ikapimwe. Kwa Wen Tong kimekwisha kuhamia ndani. Kila njia ina hatari yake. Anayeegemea kitu daima hukwama pale ndege anaporuka au wingu linapobadilika. Anayeegemea kumbukumbu anaweza kuishia kwenye mazoea. Jieziyuan Huazhuan, kitabu cha mafunzo kilichoanza kutoka mwaka 1679, kilipanga mitindo ya wachoraji wa zamani ili wanafunzi waiige. Ni msaada mkubwa, lakini mtu angeweza kuchora mianzi maisha yake yote bila kuingia shambani. Zheng Xie (1693–1766), mchoraji wa mianzi, alilijua hilo. Alisema walimu wake walikuwa vivuli vya mianzi kwenye karatasi ya dirisha na kuta nyeupe, na akakiri kwamba mwanzi wa machoni, wa moyoni na wa mkononi ni mianzi mitatu tofauti.

Lakini zipo kurasa ambamo Ruskin na Su Shi wanakutana. Su Shi anawalaumu wachoraji wanaorundika pingili juu ya pingili na jani juu ya jani, ilhali chipukizi la mwanzi hutoka ardhini likiwa na pingili zake zote ndani. Ruskin naye, akishapita jiwe, anamtaka mwanafunzi atafute mistari mikuu ya kila kitu: katika mti, ile inayoonyesha ulivyokua na ulivyopambana, katika mlima, ile inayoonyesha ulivyojengwa na unavyolika. Wote wawili wanataka mchoro uonyeshe jinsi kitu kilivyofika kuwa hivyo.

Kwa hiyo ningemshauri anayeanza afuate mpangilio huu: jiwe kwanza, mwanzi baadaye. Jiwe halina umbo maarufu la kukimbilia, hivyo linamlazimisha aulize macho. Akishazoea kuuliza, aweke kitu pembeni, akichore kwa kumbukumbu, kisha akirudishe mezani na kulinganisha. Palipokosekana kitu kwenye karatasi ndipo alipotazama bila kuelewa, na hapo ndipo somo la kesho linapoanzia. Hahitaji mandhari ya kifahari wala vifaa vya bei. Kokoto na tawi vinamtosha kwa muda mrefu, maana historia ya kukua na kulika imeandikwa juu yake waziwazi, kwa yeyote aliye tayari kukaa na kutazama.