Picha ya Kale ya Mji wa Kilwa, na Namna ya Kuipima

Leo twapenda kuwapa habari za picha za kale, na jinsi ipasavyo kuzipima.

Mtu asimamaye Sanya Juu asubuhi isiyo na mawingu huiona theluji ya Kibo kwa macho yake, wala hana haja ya kuambiwa. Lakini Johannes Rebmann alipotoa habari ya kuiona theluji hiyo tarehe 11 Mei 1848, palikuwa na bwana mmoja huko London, jina lake William Desborough Cooley, mjuzi wa ramani asiyepata kufika nchi hizi, naye akaikana kabisa. Ubishi ulidumu miaka mingi, hata Baron von der Decken na Otto Kersten walipoupanda mlima mwaka 1862 wakaithibitisha habari ile. Basi twajifunza hapa ya kuwa neno la mtu aliye mbali hupimwa kwa ushuhuda wa nchi yenyewe. Kwa kanuni hiyo na tuitazame picha moja ya miji ya pwani yetu.

Mwaka 1572 ilitolewa katika mji wa Cologne, Ujerumani, juzuu ya kwanza ya kitabu kikubwa cha picha za miji ya dunia, kiitwacho Civitates Orbis Terrarum. Aliyeyatunga maneno yake ni Georg Braun, na fundi mkuu wa picha ni Frans Hogenberg. Ndani yake imo karatasi moja yenye miji minne: Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Majina ya miji yetu yameandikwa Mombaza, Quiloa na Cefala.

Picha za namna hii zilifanywa kwa bamba la shaba. Fundi hulipaka bamba nta, akachora kwa sindano, kisha tindikali hula shaba mahali palipokwaruzwa. Au huichonga mistari kwa chombo kikali. Wino hutiwa katika mistari, uso wa bamba hupanguswa, na karatasi iliyoloweshwa hugandamizwa juu yake kwa nguvu. Chapa hutoka nyeusi tupu. Rangi hutiwa baadaye kwa brashi, karatasi moja moja. Kwa hiyo nakala mbili za rangi hazifanani kabisa.

Mtu akiletewa karatasi kama hii, kwanza na atafute alama ya ukingo wa bamba iliyodidimia kuizunguka picha. Kisha aishike mbele ya mwanga: karatasi ya zamani zile huonyesha mistari ya waya za kiunzi kilichotumika kuifanyia. Akichukua kioo cha kukuzia, ataona mistari ya wino iliyokamilika. Lakini akiona vitone vidogo vilivyopangwa sawasawa, hiyo ni nakala ya mitambo ya siku za baadaye. Nyuma na aangalie maandishi, kwa maana kitabu kilitolewa kwa Kilatini, kisha kwa Kijerumani na Kifaransa, na lugha humsaidia mtu kujua toleo. Tena aiangalie rangi ya kijani: ile ya kale iliyofanywa kwa kutu ya shaba huila karatasi polepole, ikaacha doa la kahawia upande wa pili. Nakala nyingi zilitiwa rangi miaka mingi baada ya kupigwa chapa, ili zipate bei.

Hayo ni ya karatasi. Je, mji wenyewe? Hogenberg hakupata kufika Kilwa. Alifuata kazi za watu wengine. Tena, mwaka 1572 Kilwa haikuwa tena ile aliyoifikia Ibn Battuta mwaka 1331 na kuisifu. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha kulipa kodi ya dhahabu. Mwezi wa Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, askari wake wakaupora, wakajenga ngome; na mwezi uliofuata wakaichoma Mombasa. Ngome ya Kilwa waliiacha mwaka 1512. Basi mnunuzi wa Cologne aliuona mji mzima, nadhifu, wenye rangi nzuri, miaka 67 baada ya kuporwa, wala hakuona dalili ya moto wala ya kilio.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Watu wa Kilwa hawakuwapo picha yao ilipochongwa. Lakini lao lipo. Ziko habari za wafalme wao zilizoandikwa kwa Kiarabu. Uko msikiti mkuu wa mawe ya matumbawe na chokaa, na jumba la Husuni Kubwa, magofu aliyoyachimbua Neville Chittick katika miaka ya 1960, na ambayo tangu mwaka 1981 yamo katika urithi wa dunia. Mnara wa karatasi usiokubaliana na msingi uliomo ardhini, tuuhesabu kuwa ni wa fundi, si wa Kilwa.

Mwenye karatasi ya kale asiikate kingo, wala asiitie rangi mpya. Na aipeleke kwa watunzaji wa makumbusho kabla ya kukubali bei ya mpita njia. Na mwanafunzi aonyeshwapo picha ya mji wa kale aulize: ni nani aliyeichora, lini, na je, aliuona mji huo?