Kodi Juu ya Motokaa Kuukuu

Kutoza bidhaa zinazoshuka bandarini ni desturi ya kale katika pwani yetu. Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Maskati na Unguja, aliandikiana mkataba na Marekani, na sharti moja lilikuwa kwamba merikebu za Kimarekani zilipe asilimia 5 juu ya shehena iliyoteremshwa, wala zisidaiwe zaidi. Kazi ya kukusanya ushuru huo Seyyid hakuifanya mwenyewe. Aliikodisha kwa tajiri, na kwa miaka mingi tajiri huyo alikuwa Jairam Shivji, mzaliwa wa Kutch huko Bara Hindi. Ilikuwa hesabu nyepesi ambayo hata mpagazi aliweza kuifanya kichwani: katika kila mia, tano ni za forodha, na mzigo ukaondoka.

Leo anayeagiza motokaa kuukuu kutoka Japani na kuishusha Kilindini hawezi kufanya hesabu yake kwa vidole. Si ushuru mmoja anaolipa, bali ni kadhaa, na kila mmoja umepanda mgongoni mwa mwenzake. Jinsi jambo hili lilivyofika hapa yafaa ielezwe, kwa maana wengi hulipa bila kujua walipacho.

Serikali ya kikoloni ilitegemea sana forodha. Kenya na Uganda ziliunganishwa kiforodha mwaka 1917, na Tanganyika ikaingizwa katika miaka ya 1920. Lakini forodha ina udhaifu mmoja: hula kile kipitacho bandarini tu. Baada ya Uhuru Kenya ilianza kujitengenezea vitu vingi nyumbani, na kila kiwanda kilichofunguliwa kilikuwa, kwa jicho la Hazina, mlango mmoja wa mapato uliofungwa. Ndipo mwaka 1973 ikaanzishwa kodi ya mauzo. Kodi hii ilitozwa mara moja tu: ama mlangoni pa kiwanda, ikiwa kitu kimetengenezwa hapa, ama bandarini, ikiwa kimetoka ng'ambo.

Upungufu wake haukukawia kuonekana. Mfanyabiashara aliyenunua kwa bei ya bandarini akauza kwa bei ya juu zaidi hakutozwa chochote juu ya kile alichoongeza. Tena, kitu kilichokwisha kutozwa kikitumiwa kutengenezea kitu kingine, kodi ile ya kwanza ilijificha ndani ya bei ya pili nayo ikatozwa kodi. Dawa ilikwisha kupatikana Ufaransa, ambako mwaka 1954 ofisa wa kodi aitwaye Maurice Lauré alibuni kodi inayotozwa katika kila hatua ya biashara, lakini juu ya thamani iliyoongezwa katika hatua ile tu. Nchi nyingi zikaiga. Kenya iliifuata mnamo Januari 1990, ikaiacha kodi ya mauzo na kuweka Kodi ya Ongezeko la Thamani. Watu wengi bado huiita kodi ya mauzo, na si neno baya, maana ni katika mauzo ndiko inakoonekana.

Kwa wakati ule motokaa kuukuu za kigeni hazikuwa nyingi. Viwanda vya kuunganishia magari vilivyojengwa Nairobi, Thika na Mombasa katika miaka ya 1970 vililindwa, na mtu hakuweza kuagiza motokaa bila leseni ya serikali. Leseni hizo zilipoondolewa mwaka 1993, mlango ukafunguka. Kwa nini hasa motokaa zilitoka Japani? Sababu ya kwanza ni kwamba Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani wao uko kulia. Sababu ya pili ni sheria yao wenyewe: motokaa mpya hukaguliwa ikitimiza miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo ni wa gharama kubwa, hata Mjapani huona heri auze anunue mpya. Kinachomlemea yeye kwetu ni mali. Baadaye Kenya nayo iliweka mpaka: motokaa iliyopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza haikubaliwi.

Sasa na tuitazame hesabu yenyewe, kwa viwango vya mwanzoni mwa mwaka 2015. Tuseme motokaa ndogo, pamoja na bima na nauli ya meli, imefika Mombasa ikiwa na thamani ya shilingi 400,000. Ushuru wa forodha ulikuwa asilimia 25, kiwango ambacho nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana wakati umoja wao wa forodha ulipoanza mwaka 2005. Hizo ni shilingi 100,000. Kisha ushuru wa bidhaa, asilimia 20, lakini si ya 400,000. Ni ya 500,000, kwa kuwa ule wa kwanza umekwisha kuingizwa katika thamani. Hizo ni 100,000 nyingine. Mwisho Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 16 ya jumla yote ya 600,000, yaani 96,000. Tukiacha ada nyingine, mwenye motokaa amelipa shilingi 296,000. Kama kodi hii ya mwisho ingekadiriwa juu ya thamani ya motokaa peke yake ingekuwa 64,000. Basi shilingi 32,000 ni kodi iliyotozwa juu ya ushuru. Sheria inakubali jambo hilo, na nchi nyingine hufanya vivyo hivyo, ila mimi sioni ajabu mnunuzi akinung'unika.

Aliyejiagizia motokaa ya kutumia nyumbani, shughuli yake na kodi imekwisha hapo. Mwenye yadi ya kuuza magari ndiyo kwanza anaanza. Ikiwa mauzo yake kwa mwaka yanafika shilingi milioni 5, yampasa ajiandikishe na kumtoza mnunuzi asilimia 16. Watu hudhani kwamba kodi hiyo inalipwa mara mbili, mara bandarini na mara yadini. Sivyo. Tuseme ameiuza motokaa yetu kwa shilingi 750,000 kabla ya kodi. Atamdai mnunuzi 120,000 zaidi; lakini zile 96,000 alizolipa bandarini atazikata, na 24,000 zilizobaki atazipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru. Hizo ni asilimia 16 kamili ya shilingi 150,000 alizoongeza. Mnunuzi ametoa 870,000.

Ruhusa hiyo ya kukata si ya kila mtu. Sheria ya mwaka 2013 inawanyima wafanyabiashara haki ya kukata kodi ya motokaa za abiria, kusudi kampuni zisinunue motokaa za kifahari kwa wakubwa wao na kuibebesha Hazina kodi yake. Inawabagua tu wale ambao kazi yao ya kila siku ni kuuza au kukodisha motokaa. Lau wenye yadi wasingetolewa katika katazo hilo, muuzaji wetu angehesabu zile 96,000 kuwa ni gharama, naye kwa kutafuta faida ile ile angeuza kwa 846,000, na kodi juu yake ingeifikisha bei shilingi 981,360. Kwa hiyo stakabadhi ya forodha, karatasi ambayo wengine huitupa kabatini, ina thamani ya fedha taslimu kwa mwenye yadi.

Mabadiliko yaliyowauma watu yalikuja tarehe 1 Desemba 2015. Sheria mpya ya ushuru wa bidhaa iliifuta ile asilimia 20 na kuweka kiasi kimoja kwa wote: shilingi 150,000 kwa motokaa isiyozidi miaka 3, na 200,000 kwa iliyozidi. Kiasi kimoja kwa wote ni neno linalosikika kama haki, nami nimesikia watu wenye elimu wakilitetea. Lakini tulipime kwa motokaa yetu ya 400,000, tukidhani ina umri wa miaka 6. Ushuru wa forodha 100,000. Ushuru wa bidhaa 200,000. Kodi ya asilimia 16 juu ya 700,000 ni 112,000. Jumla ni 412,000, kupita thamani ya motokaa yenyewe! Sasa tuchukue motokaa ya kifahari ya umri huo huo, thamani yake shilingi 4,000,000. Kwa hesabu ya zamani mwenyewe angelipa 2,960,000. Kwa hesabu mpya alilipa 2,032,000. Mwalimu wa shule ya msingi aliyejinyima miaka mitano aliongezewa 116,000, na tajiri akapunguziwa 928,000. Nia ya serikali ilikuwa kuwafanya watu waache motokaa chakavu, na nia hiyo si mbaya, maana moshi wa motokaa chakavu huvutwa na wote. Ila mzigo uliwekwa juu ya bega lisilostahili.

Kelele zilikuwa nyingi, na mwaka 2016 asilimia 20 ikarudishwa. Miaka iliyofuata ushuru wa bidhaa uligawanywa kwa ukubwa wa injini, injini kubwa zikitozwa zaidi, na asilimia 20 ikabaki kwa zile ndogo. Mwaka 2023 ushuru wa forodha nao ukapandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Kwa motokaa yetu ya 400,000 nyongeza hiyo ni shilingi 40,000 tu, kama mtu akitazama mstari wa kwanza wa hesabu na kuishia hapo. Akiendelea ataona ushuru wa bidhaa umefika 108,000 na kodi ya mwisho 103,680, ingawa asilimia za hizo mbili hazikuguswa. Na jumla iliyokuwa 296,000 imekuwa 351,680.