MTO UMBA NA NYIKA INAYOTULISHA

Katika kuadhimisha miaka kumi ya kikundi tuliombwa tuandike historia ya kwetu. Wengi walitegemea habari za Mlalo na migomba yake. Sisi tumeona tuteremke bondeni.

Ukisimama ukingoni juu ya Mlalo ukatazama kaskazini, unaiona nyika: tambarare mpaka Kenya, nyumba za kuhesabu. Pepo za Bahari ya Hindi humwaga mvua yake huku milimani, kule hufika makombo tu. Tena kuna malaria, na zamani mbung'o na simba. Ndiyo maana wazee wetu Washambaa walijenga Shambaai, juu, na nyikani wakashuka kwa shughuli maalumu, kisha hao wakapanda.

Lakini mto Umba wenyewe hauogopi nyika. Unazaliwa msitu wa Shagayu, unashuka bonde la Mng'aro, unaikata nyika yote hadi baharini karibu na Vanga. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi yetu, mstari wao waliuanzia mlangoni mwa mto huo, ukaelekea Ziwa Jipe. Kumbe mpaka wa nchi ulianzia kwenye maji ya kwetu, na wala hatukuulizwa! Januari 1915 wakapigana wenyewe kwa wenyewe pale Jasini, jirani na mlango huohuo.

Kwetu akina mama nyika ni mpunga. Hela za hisa za mwanzo wengi wetu tulizipata kwa mchele wa Mng'aro: kushuka alfajiri, kupandisha magunia, kuuza gulioni. Basi mwaka mmoja mfereji ukakauka kabla mpunga haujatoa masuke. Marejesho ya mikopo yakasimama, kikao kikawa kelele tupu, na wawili wakataka kujitoa. Tuliwalaumu wenye mashamba ya juu ya mfereji. Mwenzetu mmoja, mtu wa maneno machache, akauliza: "Na kuni zetu sisi tunakata wapi?"

Kimya. Maana tulikuwa tunakata hukohuko kwenye vijito vinavyoingia Umba.

Kitalu cha miche tulichokianza baada ya kikao hicho kipo hadi leo, na anayechelewa kikao hulipa faini kwa kumwagilia. Mweka hazina ndiye anayemwagilia zaidi.