Supachaja, silaha ya viwanda vidogo

Lori la mahindi likipanda mlima kuelekea Ntimaru, masikio hulitambua kabla ya macho. Dereva anakanyaga mafuta, na ndani ya muungurumo wa dizeli panasikika mluzi mwembamba unaozidi kupanda kadiri injini inavyokazana. Hiyo ndiyo tabo: feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi, ikaisindilia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingeivuta yenyewe. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi huungua, na mzigo unapanda.

Tabo ina ndugu aliyeitangulia katika magari ya Marekani: supachaja. Huyu hangoji moshi. Anaendeshwa na injini yenyewe, kwa gia au kwa mkanda, hivyo injini hutoa sehemu ya nguvu zake ili ipate nyingi zaidi.

Mwanzoni ilikuwa anasa ya matajiri. Duesenberg SJ ya mwaka 1932 ilitajwa kuwa na nguvu-farasi 320, kiasi cha kushangaza kwa wakati ule. Mwaka 1935 Auburn ikatoa Speedster yenye supachaja, na kwenye dashibodi ya kila gari ikabandikwa kibati chenye saini, kikithibitisha kuwa gari hilo lilijaribiwa na kupita maili 100 kwa saa. Mnunuzi aliendesha huku ushahidi uko mbele ya macho yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mambo yaligeuka. Kampuni kubwa za Detroit zilikuwa na fedha za kubuni injini za V8 na kuzikuza kila baada ya miaka michache. Kampuni ndogo hazikuwa nazo. Kaiser haikuwa na V8 hata moja, na mwaka 1954 ikafunga supachaja ya McCulloch kwenye injini yake ya silinda sita. Nguvu-farasi zikapanda kutoka 118 hadi 140.

Studebaker ndiyo iliyoonyesha akili zaidi. Golden Hawk yake ya 1956 ilibeba injini ya Packard ya lita 5.8, nzito kiasi cha kuielemea pua ya gari. Mwaka uliofuata mafundi waliiondoa, wakaweka injini yao wenyewe ya lita 4.7 pamoja na supachaja. Nguvu-farasi zilibaki zilezile 275, kwa injini ndogo zaidi. Mwaka 1958 zilitengenezwa Golden Hawk 878 tu. Ford nayo ilijaribu kwenye Thunderbird za 1957, lakini NASCAR, shirika la mbio za magari la Marekani, ikapiga marufuku supachaja mwaka huohuo, na magari hayo yakaishia kuwa mia mbili na kitu.

Kilele kilikuwa Studebaker Avanti, gari lililosanifiwa na kundi la Raymond Loewy. Toleo la R2 lilikuwa na supachaja. Lile kali zaidi, R3, lilitoka kiwandani katika Avanti tisa pekee. Desemba 1963 Studebaker ilitangaza kufunga kiwanda chake cha South Bend, na Avanti ikaondoka nacho. Mwaka 1964 Pontiac ikaleta GTO yenye injini ya lita 6.4, bila supachaja, na Wamarekani wakaikimbilia. Ukubwa wa injini ulishinda kwa sababu ulikuwa rahisi kuutengeneza na kuutunza, wala si kwa sababu ulikuwa wazo bora.

Afrika Mashariki iliuona ukubwa huo kwa karibu. Katika mbio za magari za Safari Rally za 1964, timu ya Mercury ilileta Comet za V8 kutoka Marekani. Ni mbili tu zilizomaliza. Mshindi alikuwa Peter Hughes wa Kenya, pamoja na Billy Young, katika Ford Cortina GT ya lita 1.5.

Supachaja yenyewe ilikuja Safari baadaye, ndani ya gari la Italia. Mwaka 1986 Markku Alén alishika nafasi ya tatu kwa Lancia 037, injini yake ikisukumiwa hewa kwa mkanda kama Golden Hawk ya zamani. Mbele yake zilitangulia Toyota Celica mbili, na zote mbili zilikuwa za tabo.